Tangu Aache Kunipigia Akitua

Shangazi mpendwa, shikamoo. Naomba unishike mkono, maana jambo hili nimemficha kila mtu na sasa limenikaa kifuani hata chakula hakipiti.

Nina miaka thelathini na tatu, nafanya kazi kwenye kampuni ya ndege ndogo za kukodi, mimi ndiye ninayepanga rubani gani aruke lini na apumzike lini, na sisi wa ofisini na marubani ni paka na panya, wao wanasema tunarusha ndege kwa kalamu, sisi tunasema mtu akishavaa miwani ya jua hata salamu haitikii, lakini kulikuwa na mmoja, Shangazi, kepteni mmoja mpole, kila akitua alikuwa ananipigia simu: "Mwenye nchi, tumeshuka, tuko wazima. Chai ipo?" Chai yenyewe ya chupa, imeshapoa, lakini atapanda ngazi aje ainywe, na akaniambia akimaliza mafunzo ya ndege kubwa atakuja nyumbani kumwona mama, nami mdomo ukaniwasha nikamwambia mama.

Sasa siku moja mteja alitaka kuondoka alfajiri, nikampanga kepteni huyo. Kwetu rubani akitua lazima apumzike kwa muda wa saa kumi ndipo aruke tena, na mimi kwa haraka zangu nikahesabu kuanzia saa iliyoandikwa kwenye ratiba, wala sikuangalia kwamba jana yake alichelewa, akatua saa tatu nzima baadaye. Akafika, akakataa kuruka, mbele ya mteja na masanduku yake. "Saa zangu hazijatimia, angalieni kitabu cha ndege, saa niliyotua imo." Bosi kwa hasira hakuangalia kitabu wala nini, akanigeukia: "Wewe uliyepanga, zimetimia au hazijatimia?" Nikasema, "Kwenye ratiba zimetimia." Kepteni akapewa barua ya onyo, na mwenye onyo haendi mafunzoni. Jina lake limekatwa, na orodha inafungwa mwisho wa wiki hii.

Tangu hapo hanipigii. Ananitumia ujumbe tu, "Chini, saa nane na dakika kumi," basi, na mimi nausoma huo huo mpaka simu inazimika, Shangazi nimeimiss sauti yake, nimemiss hata kile kikohozi chake cha kwenye ngazi, nampangia safari fupifupi ili arudi nikiwa zamuni, nasimama dirishani namwona anavuka uwanja na begi lake, hainui macho. Mama naye ameteremsha vikombe vya wageni kabatini, kila Jumapili anavifuta, ananiuliza, "Mgeni wako vipi?" Je, nimtume rubani msaidizi wake aniombee msamaha, au ningoje hasira zishuke, au nimsahau? Nimsahauje, na jina lake naliandika kila siku?

Ni mimi, wa dirishani.

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nikatamani nikufinye.

Pole kwa upweke, najua unavyouma. Lakini umeniletea njia tatu, na ile inayofaa umeiruka kama dimbwi. Hukusema uongo, eti? Bosi alikuuliza habari za mtu, wewe ukajibu habari za karatasi! Na huyo mtu angekutii akapaa na usingizi machoni, leo ungekuwa unaniandikia habari za matanga. Alipokataa, alikuokoa na wewe pia.

Halafu hizo safari fupifupi, ziache leo. Rubani anayenyimwa safari ndefu hadhani anapendwa, mwanangu, anadhani anakomolewa. Wewe unamvuta karibu, yeye anahesabu adhabu ya pili. Ndiyo maana hainui macho.

Mficha uchi hazai. Kesho asubuhi, kabla hujagusa hiyo chupa ya chai, chukua kitabu cha ndege na ratiba yako, uviweke mbele ya bosi, useme: "Nilikosea kuhesabu, na uliponiuliza nikajificha." Habari za mapenzi usizitie humo. Omba onyo lifutwe na jina lirudi kabla orodha haijafungwa. Ukiandikiwa onyo wewe, lipokee kwa mikono miwili, ni lako.

Ukishatoka kwa bosi ndipo umtafute, siyo kabla. Msaidizi wake mwache na kazi zake. Shuka wewe mwenyewe, umngoje anapotoka kwenye ndege, umwambie ulichofanya na ulichorekebisha. Usilie. Ukilia atakubembeleza, na safari hii wa kubembelezwa ni yeye. Kisha rudi ofisini, usimfuate.

Mama mwambie ukweli, vikombe avirudishe kabatini. Simu ikilia, pokea. Isipolia, mpangie saa zake sawasawa, alale ashibe usingizi, aende huko kwenye ndege kubwa akiwa mzima. Ulishindwa kumlinda ulipoulizwa mara moja. Sasa mlinde kila siku, bila kuulizwa.