Mvuvi wa Viatu

Shikamoo Babu,

Sijamwambia mtu: tangu nimalize shule, hamu ya kuvua samaki ilinitoka. Mshipi ulionipa niliubeba hadi huku Kigombe ili tu usihuzunike. Leo Shangazi alinipeleka miambani, nikakaa nimeushika bila kuutupa majini. Mama mmoja aliyekuwa akitafuta pweza akaniambia, "Vua basi, mwanangu!" Nikavua viatu. Walicheka hadi nikataka kulia. "Samaki, wee, si viatu!" Kwa aibu nikautupa mshipi. Chewa akavuta, nami nikapiga kelele za furaha kama zamani. Sielewi, Babu. Hamu hiyo ilikuwa imejificha wapi? Kesho nataka kurudi tena. Allah akuhifadhi. Tafadhali, haya yabaki baina yetu, hasa viatu.

Mjukuu wako,
Mwanaidi