Wewe Umekwama Wapi?

Neema mjukuu wangu,

Marahaba. Hapa Sengerema hatujambo. Babu yako amepona kikohozi na mihogo imestawi.

Unauliza ufanyeje na wanafunzi wanaoitikia kwamba wameelewa, kumbe bado. Mwenzio niliwahi kuwa mmoja wao. Miaka ya tisini, vyuo vya watu binafsi vilipoanza kufunguliwa Mwanza, shule ilinipeleka mjini kujifunza kompyuta. Nilikuwa mwalimu wa hisabati wa siku nyingi. Mkufunzi alieleza haraka, akauliza, "Mmeelewa?" Tukaitikia wote, "Ndiyo." Mimi hata kuiwasha sikujua, na nilitamani kurudi kwenye kivuko, nivuke ziwa nirudi nyumbani.

Kesho yake mwalimu Bhoke, mama mtu mzima kutoka Musoma tuliyekuwa tukijifunza naye, alinyoosha mkono. "Samahani, mimi nimebaki pale pa kuwasha."

"Hata mimi," nikasema, na wengine wakadakia. Mkufunzi akacheka, akaanza upya, akipita kwa kila mmoja: "Wewe umekwama wapi?" Jioni ile niliandika jina langu kwenye kompyuta, nikalitazama kwa furaha kama mtoto wa darasa la kwanza.

Niliporudi shuleni, nami nikawauliza wanafunzi wamekwama wapi. Waliinamia madaftari yao. Ndipo nikawasimulia jinsi nilivyoitikia ndiyo mbele ya kompyuta iliyozimwa. Walicheka sana. Kisha Kabula, binti aliyekuwa haongei darasani, akasema polepole, "Mwalimu, mimi nilikwama tangu hesabu za sehemu."

Tukaanzia hapo. Kengele ya mapumziko ililia, hakuna aliyetoka.

Nakuombea kazi njema, mwalimu mwenzangu.

Bibi yako