Asilimia Tisini Mama Atazimia

Jumanne, 22 Aprili
Nirmala kanipa kazi ya nyumbani. Mimi! Miaka arobaini na miwili, fundi mabomba mwenye upara, napewa kazi ya nyumbani kama mtoto wa darasa la tatu. Ndiye mshauri wangu, kikao cha nne sasa. Anatusaidia wanaume tunaopenda wanaume — si kutubadilisha, kutupunguzia woga tu. Kanipa karatasi yenye safu. Andika unachoogopa. Asilimia ngapi kitatokea? Ushahidi wa kuunga, ushahidi wa kupinga. Halafu nenda ukafanye, ujaze safu ya mwisho: kilichotokea kweli. Nimeuliza kama naweza kujibu kwa mdomo tu. Kasema hapana.

Alhamisi, 24 Aprili
Woga wa kwanza: kliniki ya vipimo vya magonjwa ya zinaa. Huw, mpenzi wangu ninayeishi naye, alishapima zamani. Mimi nakwepa mwaka wa pili huu. Nimeandika: "Nesi atajua mimi mtoto wa nani — asilimia themanini. Akijua, nitakufa kwa aibu — tisini na tano."

Lakini ndiyo Hobart hii, mji mdogo! Mama kafundisha hesabu miaka thelathini na sita. Nusu ya mji ameshaikaripia. Huw kasoma juu ya bega langu, chai ikamtoka puani.
"Ukifa, gari narithi mimi?"

Jumatano, 30 Aprili
Nimekwenda. Nesi kaangalia jina. Kaniangalia uso. Kaangalia jina tena.
"Wewe si wa Mwalimu Glenys? Alinifundisha hesabu za sehemu! Bado mkali?"
Nimesema bado. Basi. Kanitoa damu, kaniuliza nalala na nani, tunatumia kinga gani, kwa sauti ileile ya mtu anayeuliza kama naweka sukari kwenye chai. Kasema ya kliniki hayatoki kliniki. Safu ya mwisho: Alinijua. Sikufa.

Ijumaa, 2 Mei
Majibu: safi yote! Huw kaoka pai ya chaza ya bizari, tumeila moto moto tukaungua ndimi. Halafu kaweka uma chini. Siku ya Mama ni tarehe kumi na moja.

Kwa Mama, Huw ni mpangaji. Mwaka jana Mama alikuja bila taarifa, na mpangaji alijificha chumba cha kufulia dakika arobaini.
"Mwaka huu siingii kwenye nguo chafu, Corin. Ama nakaa mezani na mama yako, ama nakwenda kwetu. Na nikienda sijui kama nitarudi."
Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumamosi, 3 Mei
Karatasi ya pili. "Nikimwambia Mama kuhusu Huw: atazimia — tisini. Atalia — sitini. Hatasema nami tena — sabini na tano."

Ushahidi wa kuunga: mwaka 1997. Nina miaka kumi na minne. Habari kwenye televisheni: sheria ya Tasmania imebadilishwa, wanaume wa namna yangu si wahalifu tena. Mama kainuka, kazima, hakusema neno, kaenda kumenya viazi.

Ushahidi wa kupinga: tupu. Nimetafuna kalamu saa nzima. Baba alishafariki. Ninaye huyu tu. Naogopa, basi, naogopa!

Jumapili, 4 Mei
Kwa Mama. Nimempelekea gazeti la jana na lile fumbo la namba lililonishinda, kama kila Jumapili. Atalisahihisha kwa wino mwekundu na kunirudishia kwa posta. Kustaafu kastaafu, kalamu haijastaafu. Nimezibua sinki. Nimekula kondoo. Nimesifu mchuzi. Sikusema lolote. Mwoga mkubwa mimi.

Jumatatu, 5 Mei
Karatasi haipo!! Nimepekua gari, begi, mpaka kisanduku cha spana. Huw kauliza niliishika mara ya mwisho wapi. Nilikuwa nayo mezani. Juu ya gazeti. Nikalikunja gazeti —

Lo! Lo! Lo!

Huw kakaa sakafuni, sijui anacheka au analia. Nimempigia Mama. Kaongea hali ya hewa dakika kumi. Mvua ya Alhamisi. Upepo. Kwaheri. Na kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Ijumaa, 9 Mei
Bahasha. Mwandiko wake. Ndani, karatasi yangu. Nyekundu tupu!

Kando ya tisini na sitini: "Aliyezimia atalia saa ngapi? Panga upya."
Kando ya sabini na tano: "Kukisia si kukokotoa."
Kando ya mwaka 1997: "Si ushahidi. Ulikaa karibu nami, macho kwenye zulia, masikio mekundu. Nilidhani habari ile inakuumiza, nikaizima. Nikangoja useme. Siku ile nilimenya viazi vya kulisha jeshi. Nangoja mpaka leo."
Safu ya mwisho: "Iache wazi. Jumapili, saa sita na nusu. Viti vitatu."

Nimelia kwenye ngazi, na mabuti ya kazi miguuni. Miaka ishirini na minane kila mmoja anamlinda mwenzake kwa kunyamaza! Huw kasoma mara mbili. Kaenda kupiga pasi shati.

Jumapili, 11 Mei
Naandika chooni kwa Mama, nimejifungia.

Tulifika saa sita na nusu kamili. Huw na maua, mimi na pai. Mama kasimama barazani. Kamkagua Huw toka viatu mpaka nywele. Kapeleka mkono kwenye paji la uso. Kayumba. Kajiachia kwenye kiti, macho kafumba, ulimi nje! Nimepiga kelele, pai imeanguka chini. Kafungua jicho moja, kaniuliza:
"Hiyo asilimia ngapi, mwalimu?"

Huw kacheka mpaka kashika ukuta. Mama kamgeukia.
"Na wewe mpangaji, kule kufulia hukupata baridi? Niliona viatu chini ya mlango."

Tumeketi. Tumekula. Kila kitu shwari. Halafu Mama kaniuliza, polepole, kama Baba alijua. Nimesema hapana, sikumwambia. Kanyanyuka, kaenda jikoni, kafungua bomba mpaka mwisho. Mimi fundi. Najua bomba la kuoshea sahani linavyolia, na hili si la sahani. Sitini ile ya kulia imetimia. Kwa uchungu gani, sijui. Nikakimbilia huku.

Huw ndiye kamfuata. Nasikia nyayo zake. Bomba limefungwa. Mama anapenga kamasi.
"Mwanangu," anamwambia Huw, "hebu nipe hicho kitambaa."