Roketi Imerudi Bandarini

Jumanne jioni

Imefika! Ile roketi inayorushwa na kurudi, ambayo sisi wa kikundi cha mtandaoni tulikuwa tukiifuatilia tangu itue kwenye meli, imeingia bandarini. Imeinama, lakini ni nzima. Nilipiga kelele ofisini, bosi akanikazia macho. Iliniudhi kidogo.

Nyumbani Dagoretti, Baba, ambaye haulizi chochote tangu tumzike Mama, aliinua kichwa.

"Ile roketi yako ilifika?"

"Ilifika, Baba."

"Na mawimbi hayakuiangusha?"

Nikamwonyesha picha. Akacheka.

"Aki imechafuka! Na itaruka tena?"

"Itaruka."

"Basi siku hiyo uniite tuiangalie."

Naogopa kesho atanyamaza tena. Lakini leo tumekula tukiongea mpaka chai ikapoa.