Bukari mu tumbo ya Mado

Fina mudogo yangu, ku Lukafu muko bazima? Huku Lubumbashi baridi na vumbi, miguu yangu inafanana ya muchimba madini. Mama ya Mado njo anaandika, mi niko nasema.

Mujukuu wetu Mado, unajua balimuweka tuyau, mupira mwembamba wa kutoa mayi mu kichwa, inashukia mu tumbo. Docteur alisema, mara moja-moja ule uvimbe wake wa mu kichwa unaweza kufwata tuyau mupaka mu tumbo. Basi ataangalia tumbo na machine, mutoto asikule. Asikule! Atoke na njala kama mutoto hana nkambo, hana bibi? Nikamulisha bukari, ugali yetu, na samaki nyuma ya mulango.

Docteur anaangalia, anakunja uso: "Iko kintu kikubwa hapa." Mama yake analia, mi nashika rozari. Mado anasema: "Docteur, ile ni bukari ya nkambo!" Eh! Docteur aliseka mupaka akatosha miwani. "Mama, kesho ulete mutoto tu, bukari ibakie."

Leo Mado hakukula, na mi sikukula kwa ajili yake. Tumbo iko safi, Fina! Hakuna kintu ilishuka. Nilimukumbatia docteur, karibu tuanguke bote.

Chinjeni kuku, mulale bila woga. Nakupenda sana, yaya yako, dada mukubwa, Berna.