Kapu la Pembeni Lisibaki na Kitu

Wewe uliyeiona picha ya dada yetu ukataka kupitisha macho haraka uende kwenye kurasa za michezo, rudi. Tunakujua. Jumamosi iliyopita ulipita langoni mwa soko la wakulima, ukaiona karatasi ya ofisi ya mji imebandikwa pale, ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Leo tunazungumza na marehemu wetu. Lakini kaa hapohapo, usikie.

Dada, mwaka umezunguka tangu moyo wako usimame ukiwa umeinamia cherehani, chaki ya fundi bado vidoleni. Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake Mzee Tanuri, mwokaji wa mikate ya kuni pale sokoni, alikuwekea kipande chako mezani kama kawaida, maana habari ilikuwa haijamfikia. Alipoambiwa, alikitazama kile kipande na hakuweza kukiondoa. Hapo ndipo mambo yote haya yalipoanzia.

Wiki nzima ulishona sare za watoto wa watu. Jumamosi ilikuwa yako. Ulichukua kapu lako, lile lenye mpini ulioukarabati kwa uzi wa sare, ukaanza mzunguko wako: kwanza duka la mikate la kona lenye mlango unaogoma kufungwa, kisha yule dada wa biskuti za tangawizi anayeuza dirishani kwake, halafu sokoni, nyuma ya kiwanda cha nguo kilichokufa. Mumeo ulimwacha nyumbani. Ulisema unampenda sana, ila mdomo wake haujui siagi na sabuni zinatofautiana wapi.

Kila ulipofika ulisema neno moja tu. "Nikatie pembeni."

Mzee Tanuri alikukasirikia mara ya kwanza. Mtu amekesha na kuni, ametoa mikate inayopumua, halafu anakuja mwanamke na kapu kuomba kipande cha mwisho kilichoungua. Alikwambia kwake hakuna makombo, ukaombe kwingine. Nawe hukuondoka.

"Baba, katikati kila mtu anaweza," ulimwambia. "Nionyeshe pale moto ulipokushinda."

Alikukatia kwa hasira. Ulitafuna ukiwa umefumba macho, foleni nzima imekukodolea macho kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kisha ukasema mkate ni mzuri, ila jana yake mwokaji alikuwa na haraka. Mzee akacheka mpaka akaketi juu ya gunia la unga. Tangu siku hiyo akawa anakuwekea pembeni yako, na wengine wakafuata: pembe ya keki ya karoti, ukingo wa pai ya maembe uliovuja jamu na kugeuka peremende, vipande vya sega la asali vilivyovunjika. Sokoni ukaitwa Dada Pembeni. Nyumbani tulikutania kwamba hujawahi kuonja katikati ya kitu chochote.

Hukuwa mpole, tusidanganye watu kwa kuwa hupo. Keki ya Mama Jamu, muuza jamu na keki wa palepale sokoni, ilipokuwa kavu ulimwambia hiyo keki inahitaji maji na msamaha. Alikununia. Jumamosi iliyofuata alikuja na nyingine, akasimama mbele yako mikono kiunoni, akakwambia, "Haya, tukana tena." Ulikula yote. Hukuwaachia hata wanao.

Na kapu lile halikufika nyumbani limejaa hata siku moja. Ulikata vipande ukiwa njiani, ukampa mlinzi wa lango, ukampa mama aliyebeba mtoto, ukampa dereva aliyekuwa anakupigia honi. Uliwaelekeza: huu ni wa tanuri la kuni, nenda pale, hii ni ya yule dada wa dirishani, mwambie nimekutuma. Hivyo ndivyo watu wa mji huu walivyoijua mikate yao. Si kwa tangazo. Kwa mkono wako.

Lile duka kubwa lilipofunguliwa ng'ambo ya barabara, uliingia kama mtu yeyote. Ukanunua keki iliyofungwa kwenye boksi la plastiki, ukaja nayo sokoni, ukaiweka mezani kwa Mzee Tanuri. Mkaizungusha huku na huku. Pande zote sawa, kona zote laini, imekatwa na mashine kila upande. Ulimuuliza Mzee pembeni yake iko wapi. Akasema labda wamebaki nayo wenyewe. Ukasema keki iliyonyimwa pembeni ina jambo inaloficha. Uliionja hata hivyo, kwa haki, na hukusema kitu. Kwa mtu mwenye mdomo kama wako, hilo lilikuwa tusi tosha.

Sasa sikiliza kilichotokea ulipoondoka, na usitukasirikie sote kwa mara moja.

Waliendelea kukuwekea. Waliweka kiti langoni na kapu lako juu yake, kila muuzaji akapita na pembeni yake kila Jumamosi. Mwanzoni wateja walichukua, wakala, wakakutaja. Halafu mtu mmoja akamkaripia mtoto aliyeingiza mkono kapuni: acha, hizo ni za marehemu. Neno likashika. Watu wakaanza kushusha sauti wakilipita kapu. Wengine walivua kofia. Hakuna aliyethubutu kula tena.

Dada, wewe uliyelisha mtaa mzima ukitembea, walikutengea chakula wakakifanya kaburi.

Pembeni zikarundikana. Zikaota ukungu, nzi wakahamia. Kila mwokaji aliona, na kila mwokaji aliona aibu kuwa wa kwanza kutupa. Ndipo wakaguzi wa ofisi ya mji walipokuja na kamera zao. Yule mkubwa wao alilinyooshea kapu kalamu, akauliza uchafu ule ni wa nani. Mzee Tanuri akajibu ni wa dada yetu. Mkaguzi akataka aitwe.

"Alifariki," Mzee akasema.

Mkaguzi akamgeukia mwenzake. "Andika: chakula cha marehemu."

Na watu walicheka. Wewe msomaji ulikuwepo, ulicheka nawe, kisha ukaangalia viatu vyako.

Hatukatai, ukungu ulikuwa ukungu. Tumeutupa, kapu tumelisugua kwa maji ya moto na kulianika. Lakini karatasi waliyobandika langoni haisemi safisheni kapu. Inasema Jumamosi hii watarudi, na wakikuta chakula kimelala wazi tena, soko lote linafungwa kwa ajili ya afya ya umma. Lote. Tanuri, jamu, asali, mboga za wakulima wanaotoka nyumbani giza halijaisha. Na sote tunajua nani ng'ambo ya barabara anatafuta mahali pa wateja wake kuegesha magari.

Wanadhani tumesahau. Hatujasahau uwanja wa watoto ulivyozungushiwa uzio "kwa muda", mpaka watoto wale sasa wana watoto wao. Hatujasahau bomba la mtaa lililofungwa kwa ajili ya afya hiyohiyo ya umma, tukaambiwa tununue maji ya chupa. Kila mara kuna karatasi, kila mara imeandikwa vizuri, na kila mara sisi tuna safari ya dharura siku hiyo.

Wapo waliokuja nyumbani, watu wazuri tu, wakamshauri mumeo tuliondoe kapu kimyakimya, tusiwachokoze wakubwa. Mumeo, dada, unamjua: mtu asiyeinua sauti hata akikanyagwa. Alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini.

"Kapu la mke wangu linarudi kwenye kiti chake," alisema. "Tatizo halikuwa kapu. Tatizo mlikosa meno."

Tulimtazama kama ndiyo kwanza tunamwona. Mwanao mkubwa akacheka na kulia pamoja. Na hivyo ndivyo ukoo wako ulivyoamua. Leo wakituondolea kapu, kesho wataondoa meza ya Mama Jamu, na keshokutwa Mzee Tanuri atakuwa anasukuma vikapu vya plastiki ng'ambo ya barabara kwa sare ambayo, Mungu anajua, haikushonwa vizuri.

Unakumbukwa na mumeo, anayejifunza kutambua siagi, bado anakosea; na wanao wawili, mkubwa anayeshona kwa cherehani yako na mdogo anayeanza na pembeni kila anapokula, bila kuambiwa; na mama yetu, anayesema ulianza kuchagua ulipokuwa huna hata jino; na shemeji zako, mawifi, wajomba na shangazi; na mimi mdogo wako, niliyeandika haya kwa niaba ya wote; na Mzee Tanuri, ambaye si damu yetu lakini ajaribu mtu kumwambia hivyo. Hutoki mioyoni mwetu, wala hutatoka mezani kwetu, hata siku moja.

Sasa wewe msomaji, umefika mpaka hapa, huwezi tena kusema hukuona. Jumamosi hii wakaguzi wanakuja. Kapu litakuwa langoni, kwenye kiti chake, limejaa pembeni zilizotoka motoni asubuhi ileile. Njoo kabla yao. Usivue kofia. Usishushe sauti. Ingiza mkono, chukua kipande, tafuna mbele ya kamera zao, kisha uulize nani amekioka, uende mezani kwake ukanunue kizima. Njoo na jirani, njoo na yule mtoto aliyekaripiwa, yeye awe wa kwanza.

Wakifika na kalamu zao, wakute kapu tupu na midomo yetu imejaa. Njoo ule.