Majani ya Mama Kilo yanaanguka

Jumapili, Likasi. Joto la kabla ya mvua. Mawingu yamekaa juu ya mji tangu asubuhi na hayataki kutoa kitu. Nimerudi kutoka misa ya kwanza, nimevua viatu, na kabla sijakaa nimekuta majani mengine chini, pale mlangoni.

Nimeyaokota. Nimelia. Kwa ajili ya majani! Mtu angeniona angesema akili imeanza kuniruka.

Kwa anayefika hapa leo kwa mara ya kwanza: mdogo wangu Mireille alifariki mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kule Kambove, na likizo moja alikuja nyumbani kwetu, hapa mtaa wa Kikula, amebeba mmea ndani ya kopo la maziwa ya unga. Ni ile mimea ya majani manene yaliyojaa maji, yaliyopangana kama kabichi ndogo. Alimpa jina la Mama Kilo kwa sababu ya unene wake, na alipokuwa nyumbani alimsalimia yeye asubuhi kabla ya kutusalimia sisi watu. Tulimcheka sana.

Mireille hakuacha mtoto. Nguo zake ziligawanywa baada ya kilio, kama inavyotakiwa. Chake kilichobaki kikiwa hai ni huyo Mama Kilo.

Na anakufa mbele ya macho yangu.

Mwanzoni nilidhani ni kiu. Kiangazi kama hiki, vumbi kama hili, nani asiyesikia kiu? Lakini wiki hii wateja walikuwa wachache pale sokoni ninapouza chaja na vifuniko vya simu, basi nikatumia megabaiti zangu kusoma habari za mimea. Nimejifunza kwamba jani la mmea huu likinywea na kuwa na mikunjo, hapo ndipo mmea una kiu. Yale ya chini yakikauka moja moja kama karatasi, ni uzee tu, usijisumbue. Lakini jani likiwa laini, likang'aa kama limechemshwa, na likaanguka ukiligusa tu kwa kidole, basi maji yamezidi na mizizi imeoza. Majani ninayookota kila siku ni ya namna hiyo ya mwisho.

Nikakumbuka siku za kilio. Watu walijaa uwanjani, wengine walilala kwenye mikeka, na kila saa ya kula bukari, ugali wetu, beseni la kunawa mikono lilizunguka. Kopo la Mireille lilikuwa palepale mlangoni. Kila mama aliyemaliza kunawisha watu aliyamwaga maji humo, kwa moyo mzuri kabisa, ili asitie matope mahali watu wanapokaa. Na kopo lenyewe halina tundu hata moja chini.

Lakini kilio kilikwisha siku nyingi. Nani anaendelea kuulowesha ule udongo mpaka leo?

Nilijua. Sikuhitaji kuuliza, kwa sababu ninamsikia kila alfajiri. Mama anaamka, anachota maji kwa kikombe, anafungua mlango, anakwenda kumnywesha Mama Kilo. Anaongea naye kidogo. Halafu anarudi kukaa kitandani, na hiyo ndiyo kazi pekee anayoifanya kwa hamu siku nzima. Hapiki tena. Misa haendi. Chakula mpaka nimbembeleze.

Kwa hiyo shida yangu wala si ya bustani. Nikinyamaza, Mama Kilo anaoza. Nikisema, ninamwambia mama yangu mzazi kwamba mkono wake ndio unaoua kitu cha mwisho cha mwanawe.

Leo nimesema. Mimi nina mdomo mwepesi, siwezi kukaa na neno. Nilikuwa bado na yale majani mkononi, naye akatoka na kikombe chake kwa mara ya pili leo.

“Mama, usimupe tena mayi. Mayi njo inamuua.”

Nilingoja anikasirikie. Hakukasirika. Alikaa kwenye kizingiti, kikombe kimejaa, akatazama chini.

“Njo vile infirmière aliniambia,” akasema. “Usimupe mayi.”

Sikuelewa. Ndipo akanieleza siku ile ya operesheni ya Mireille hospitalini, siku ambayo mimi sikuwepo, nilikuwa sokoni. Midomo ya Mireille ilikuwa imekauka. Muuguzi alimwelekeza mama vizuri kwamba mtu anayekwenda kupasuliwa haruhusiwi kunywa, kwa usalama wake, na ni kweli, kila mahali wanafanya hivyo. Mama alishika neno hilo. Mireille aliomba maji, akaomba tena, mpaka walipokuja kumsukuma kumpeleka ndani. Hakurudi mzima.

“Alinilomba mayi, Solange. Mutoto yangu. Minye nilimukatalia.”

Miezi yote hii tunalala nyumba moja na sikuwa najua.

Nilimwambia alifanya vema, kwamba angempa maji angeweza kumdhuru. Nilisema mengi. Alitikisa kichwa kama mtu anavyomkubalia mchuuzi ili aende zake.

Mchana nikafanya ile kazi niliyoisoma ya kuokoa mmea uliooza mizizi, maana sikujua kingine cha kufanya. Nilimtoa Mama Kilo kwenye kopo. Mizizi ilikuwa myeusi na inanuka. Nikakata shina kwa wembe, nikaendelea kukata kuelekea juu kidogo kidogo mpaka nikafika mahali palipo safi, bila doa la kahawia. Kimebaki kichwa kidogo tu, kinatosha kwenye kiganja. Hakipandwi leo. Kinalala kivulini siku kadhaa mpaka kidonda cha shina kikauke, ndipo kiingie kwenye udongo wenye mchanga na vijiwe, ndani ya chombo kilichotobolewa, karibu na mwanga. Maji ni pale tu udongo utakapokuwa umekauka kabisa mpaka ndani. Hata majani mazima yaliyoanguka yanaweza kutoa mizizi ukiyalaza juu ya udongo mkavu na kuyaacha yalivyo.

Mama alikaa karibu yangu akichagua majani, mazima huku, yaliyooza kule. Alikuwa na jicho zuri kuliko mimi.

Vyote nimeviweka chumbani kwangu, juu ya kabati. Kikabaki kisiki cheusi na mizizi yake. Nilikuwa naenda kukitupa, mama akakichukua mkononi mwangu. Akakirudisha ndani ya kopo, akakifunika udongo kwa vidole vyake, taratibu, akapeleka kopo mlangoni.

“Mama, ile imekufa.”

“Minajua.”

Akaingia ndani, akatoka na kikombe.

“Minajua, Solange. Acha anywe.”

Alimwaga polepole mpaka maji yakaisha. Kesho alfajiri nitasikia mlango ukifunguliwa tena, na sitamkataza.